Jedwali Lililosahau Namba Yake ya Mwisho

Juzi kijana mmoja wa jirani hapa Soweto, Mbeya, alikuja na laptop yake kunionyesha mfumo anaoutengenezea duka la pembejeo. Anaomba ushauri, alisema. Nimestaafu, lakini bado nina macho, nikamwambia afungue.

Safu za jedwali lake zilikuwa sawa. Jina la bidhaa, aina, tarehe ya kuingia. Lakini pale mwisho, baada ya mabano kufungwa, kulikuwa na mkia mrefu kama wa tiara. Injini hii, seti ya herufi ile, mistari ibanwe, namba zianzie elfu moja na moja, idadi ya juu ya mistari bilioni moja.

"Duka lina bidhaa bilioni?" nikamuuliza.

"Hapana, mzee. Ni duka la kawaida tu, pale Mwanjelwa."

"Mistari umeibana kwa nini?"

"Nilikuta hivyo."

"Ulikuta wapi?"

"Mtandaoni, mzee. Yule jamaa anajua sana."

Nikamrudishia laptop yake. Nimefanya kazi ya kanzidata tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nusu ya miaka hiyo Iringa na nusu Mbeya, na hakuna maneno yaliyowahi kunichefua kama hayo: nilikuta hivyo. Fundi cherehani akikushonea suruali yenye mfuko mgongoni kisha akasema alikuta hivyo, utamlipa? Lakini sisi tunalipwa. Tena tunaitwa wataalamu.

Kwa wale wasiojua mkia ninaousema, niueleze mara moja tumalizane. Safu husema jedwali linatunza nini. Mkia, yaani machaguo ya jedwali, husema linatunzaje. Data iandikwe kwenye diski au ikae kwenye kumbukumbu ya muda. Namba zinazojiongeza zenyewe zianzie wapi. Herufi kubwa na ndogo zihesabiwe kuwa sawa au tofauti. Ukinyamaza, mfumo unakuchagulia wenyewe, na mara nyingi unachagua vizuri kuliko wewe. Hili vijana hawalipendi. Wanaona kunyamaza ni ushamba.

Mimi nilifundishwa na Mama Mgaya. Alikuwa mkuu wa kitengo chetu pale Gangilonga, Iringa, mama wa Kibena mwenye shahada yake na miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya kwenye usharika wake, na siku za kazi alitukagua sisi kama anavyokagua sauti ya tatu: akijua tangu mwanzo kwamba mtaharibu, na hamu yake ni kujua wapi.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Huwezi kuunda jedwali kwenye seva ya watu mpaka umesimama mbele ya meza yake na kulisoma kwa sauti. Ukifika kwenye mkia, anakusimamisha kila baada ya chaguo.

"Hilo ukilitoa, nani ataumia?"

Hakutaka jibu la kitabuni. Ukisema "utendaji wa mfumo", anakuuliza utendaji anakaa mtaa gani. Alitaka mtu. Karani wa mapokezi atasubiri. Mgonjwa atapewa faili la mwenzake. Mkulima wa Kilolo atakosa miche. Ukikosa mtu wa kumtaja, chaguo linatoka. Ukimpata, unaandika jina la kazi yake kwenye maelezo ya jedwali, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa sababu maelezo nayo ni chaguo, na ndilo chaguo pekee ambalo nyie vijana hamjawahi kulikuta mtandaoni.

Tulimcheka sana Mama Mgaya. Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Chaula, mwenzangu wa meza ya pili, mtu mwenye maneno mengi na tai nyekundu. Chaula alipewa kazi ya mfumo wa miche ya miti kwa ajili ya Kilolo, na akasubiri Mama Mgaya aende likizo ndipo aunde majedwali yake. Aliyaweka yote kwenye kumbukumbu ya muda. Ni chaguo halali, lipo, na lina kazi zake. Linakwenda kasi kweli. Sharti lake ni moja tu: umeme ukikatika, jedwali linabaki, kilichomo kinakwenda.

Siku ya kuuonyesha mfumo wakaja wageni kutoka wilayani. Chaula anaandika herufi mbili, majina ya wakulima wa kijiji kizima yanajipanga. Wageni wakapiga makofi. Mama Mgaya alikuwa amerudi kutoka likizo asubuhi ile ile, yuko nyuma kabisa, mikono ameikunja. Makofi yakiwa hayajaisha, katibu muhtasi akachomeka birika la umeme ili wageni wapate chai, kwa sababu Iringa ile asubuhi ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Paa! Giza.

Umeme uliporudi, Chaula akaandika herufi zake mbili. Kimya. Akaandika tatu. Safu zote zipo, zimenyooka, nzuri, na ndani hamna hata jina moja.

"Sasa wakulima wangu wako wapi?" mgeni mmoja akauliza.

"Wapo, mheshimiwa. Jedwali linapumzika kidogo tu."

Kutoka nyuma ikaja sauti ya Mama Mgaya, kwa upole wote, kama anayekutana na mtu kwa mara ya kwanza maishani: "Kamwene, Chaula."

Ile salamu ya Kihehe ilimfuata Chaula mpaka alipohama mkoa. Hakuna mkulima aliyepotea, kwa sababu Mama Mgaya alikuwa ameweka nakala ya orodha ya majina yao kabla ya kwenda likizo. Alimfahamu Chaula vizuri. Na bado kuna watu ofisini walisema kosa lilikuwa la birika.

Nawasimulia haya si kwa kuwa Chaula alikuwa mjinga wa peke yake. Nilikuta mfumo mwingine wenye injini ya zamani ambayo ukiiambia kila oda lazima iwe na mteja aliyepo, inakuitikia ndiyo, haikupi kosa lolote, kisha inapuuza. Wataalamu watatu walipita pale kabla yangu na kila mmoja alikagua akaona sharti limeandikwa. Liliandikwa, ndiyo. Oda za watu wasiokuwepo nazo ziliandikwa. Hakuna aliyejaribu kuingiza oda ya uongo aone kama itakataliwa. Kujaribu kunachukua muda mfupi kuliko kujisifu, lakini hakuna anayekupigia makofi.

Sasa twende Rujewa, huko Usangu, maana Chaula alipoteza makofi tu. Rujewa kuna mtu alipoteza kitu.

Kule kulikuwa na ghala la mpunga na mashine ya kukoboa chini ya paa moja. Wakulima wanaleta mpunga wao, wanapewa namba, namba inapakwa kwa rangi nyeusi kwenye magunia, na mwenye mzigo anakuja kuutoa akiutaka. Mfumo wao ulitengenezwa na kijana kutoka mjini Mbeya aliyeitwa Brayani, ambaye wote pale walimwita Injinia na yeye hakuwahi kuwazuia. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kampuni iliyotunza seva yao, karibu kabisa na kustaafu, na siku hiyo nilikwenda kuangalia kwa nini seva inachelewa kuwaka.

Nikiwa pale ofisini akaingia mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, kadi mkononi. Mama Atupele. Mnyakyusa aliyeolewa Usangu, na alipokuja kuolewa alitoka kwao Kyela na mbegu ya mpunga ya mama yake, ule mrefu mwembamba unaonukia ukiwa bado jikoni. Kila msimu alitenga magunia manne ya mbegu na kuyaweka ghalani, kwa sababu nyumbani kwake panya walikuwa wamemshinda. Sasa mvua zilikuwa zimekaribia, amekuja kuchukua mbegu yake akailoweke.

Mtunza ghala, Elia, akaandika namba iliyo kwenye kadi. Mia tatu arobaini na saba.

"Mama, hii ni ya Bwana Daudi. Mfanyabiashara. Ameshatoa oda ya kukoboa."

"Elia, acha utani. Hiyo ni namba yangu."

"Ilikuwa yako. Wewe ulishatoa mzigo, inaonekana. Hata jina lako humu halimo."

"Nilitoa nikaanike! Si wewe ulinisaidia kuyarudisha ndani jioni?"

"Nilikusaidia, ndiyo."

"Sasa?"

"Kompyuta inasema huna mzigo."

"Kompyuta ilikuwepo uwanjani?"

Hapo mtu wa Usangu ataelewa mara moja, lakini wa mjini nimweleze. Mbegu ikikaa ghalani inashika unyevu, kwa hiyo mwenyewe huja siku ya jua kali, anaitoa, anaimwaga kwenye turubai, anaigeuzageuza, jioni anairudisha pale pale ilipokuwa. Elia alikuwa mtu wa utaratibu. Mpunga ukivuka mlango, anabonyeza "toa". Ukirudi kutoka kuanikwa, habonyezi chochote, kwa sababu kwa akili yake, na kwa akili ya kila mtu pale, mpunga haukwenda popote. Ulitoka kuota jua.

Injinia Brayani naye alikuwepo siku ile, amekaa mbele ya feni. Akageuza kiti.

"Mama, namba zinajiongeza zenyewe. Haziwezi kurudi nyuma. Mimi mwenyewe kwenye jedwali nimeweka zianzie mia moja, zinapanda tu. Labda umebeba kadi ya mwaka jana."

"Mwanangu, mwaka jana ulikuwa hujafika hapa. Tulikuwa tunaandikiwa kwa chaki."

Kule ndani mashine ilikuwa inanguruma. Mama Atupele akachungulia mlangoni, na mimi nyuma yake. Wabeba mizigo walikuwa wanashusha magunia yenye namba mia tatu arobaini na saba na kuyapeleka kwenye mdomo wa mashine, moja baada ya jingine. Akaweka mikono kichwani.

"Wanakoboa mbegu yangu! Jamani, ile ni mbegu!"

Mpunga ukishakobolewa ni mchele. Hauoti. Hilo hata Injinia alilijua, nadhani.

Nikamuuliza Elia ukibonyeza "toa" kinatokea nini. Mstari unafutwa, akasema, Injinia hataki uchafu kwenye jedwali. Nikauliza kwa nini seva ilikuwa inawaka upya nilipofika. Elia akanishangaa. "Si Fundi Ngailo anatuzimia? Kila asubuhi akitaka kuwasha mota kubwa, anakata kwanza umeme wa ofisi. Asipokata, kompyuta zinaungua. Zimeungua mbili."

Basi. Sikuhitaji kitu kingine. Toleo lile la mfumo halikuandika popote namba ya mwisho lililoitoa. Liliishika kichwani tu. Likizimwa na kuwashwa, linatazama namba kubwa kuliko zote iliyobaki kwenye jedwali na kuanza inayofuata. Mama Atupele alikuwa wa mwisho kuandikishwa. Alitoa mbegu kuianika, mstari wake ukafutwa, siku ile hakuja mwingine. Kesho yake asubuhi Ngailo akakata umeme kama kawaida, jedwali likaamka halimkumbuki, na Bwana Daudi akaingia na shehena yake akapewa namba ya mama. Elia, mtu wa utaratibu, akaipaka rangi kwenye magunia ya Bwana Daudi na kuyapanga kwa namba, ubavuni mwa magunia ya Mama Atupele. Ile mia moja ya Injinia kwenye mkia haikuzuia chochote. Ilisema pa kuanzia tu. Yeye aliisoma kama ahadi.

Kuyaeleza haya kwa Injinia kungechukua dakika, na kila dakika ilikuwa gunia. Nikaingiza haraka mzigo mpya kwenye mfumo: mwenye mali, Injinia Brayani, aina, upepo. Namba ikatoka, mia nne kumi na mbili. Nikaufuta, Injinia akitazama. Kisha nikakimbia kwa Ngailo.

"Zima kila kitu."

"Mzee, mashine imejaa mzigo!"

"Zima. Kipimo cha mfumo."

"Kipimo gani saa hizi?"

"Ngailo, nani mwenye mfumo, mimi au wewe?"

Sikuwa na mamlaka yoyote ya kuzima mashine ile. Nilikuwa na kitambulisho shingoni na sura ya kukasirika, na katika nchi yetu hivyo viwili vinatosha. Ngailo akavuta swichi kuu huku akinung'unika. Ukimya ukatanda mpaka tukawasikia ng'ombe barabarani.

"Nani kazima mashine yangu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Daudi, anatoka upande wa pili, vumbi la pumba limempaka mpaka kope.

"Mashine si yako, tulia," Ngailo akamjibu. "Kuna kipimo."

Nikamwambia Ngailo arudishe umeme wa ofisi peke yake. Seva ikawaka. Nikamketisha Injinia kwenye kibodi, aingize mzigo kwa mkono wake mwenyewe. Namba ikatoka mia nne kumi na mbili. Akaitazama. Akafuta, akatutaka tuzime tena, tukazima, tukawasha, akaingiza. Mia nne kumi na mbili.

"Labda ni hii seva," akasema.

"Labda ni birika," nikamwambia. Hakuelewa, na sikumweleza.

Kule ghalani haikuhitajika kanzidata. Mama Atupele alikuwa ameshafungua gunia moja na kumwagia Bwana Daudi punje kiganjani. Yule bwana hakubishana hata kidogo.

"Huu si wangu. Wangu mfupi, wa dukani. Mimi sitaki mpunga wa mtu. Elia, hukuona?"

"Niliona ni mrefu, bosi," Elia akasema, macho chini. "Ila namba ilikuwa yako."

Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Wabeba mizigo waliona. Elia aliona. Mtoto wa Usangu hawezi kuchanganya punje zile mbili hata gizani. Wote waliona kwa macho yao na wote wakaiamini namba iliyotolewa na mkia wa jedwali, mkia ambao aliyeuandika alikuwa ameukuta mahali. Magunia mawili ya mbegu yalikuwa yameshapita kwenye mashine. Mawili yalibaki. Msimu ule nusu ya majaruba ya Mama Atupele yalipandwa mbegu ya kununua, na kuirudisha ile ya mama yake kwenye shamba zima kulimtaka asubiri mavuno mengine.

Marekebisho yalikuwa ya asubuhi moja tu, na hilo ndilo linalokera. Mstari haufutwi tena. Mzigo ukitoka unaandikwa umetoka, ukirudi unaandikwa umerudi. Kitufe cha kuanika kikawekwa, maana kuanika ni kazi ya pale na mfumo wa ghala usiojua kuanika ni wa ghala la nchi nyingine. Namba ya mwisho ikapewa jedwali lake dogo, kwenye diski. Kwenye maelezo nikaandika: "Usifute mstari hapa. Ukifuta, ataumia mama mwenye mbegu."

Najua mtaniambia nini. Yule kijana wa Soweto aliniambia pia: "Lakini mzee, matoleo mapya yanakumbuka namba hata yakizimwa." Kweli, yanakumbuka. Na maghala mangapi yana toleo jipya? Nendeni mkaangalie. Mtakuta lile lile la zamani, vumbi juu, na mtu anayewaambia msiliguse kwa sababu linafanya kazi. Kisha akaniuliza kama yale maelezo ya Kiswahili kwenye jedwali si uchafu. Nikamwambia anisomee mkia wake, chaguo moja moja, na kwenye kila moja aniambie nani ataumia. Alianza na mistari bilioni. Aliondoka baada ya kulifuta hilo, na bado hajarudi na mengine.

Kimebaki kitu kimoja cha Rujewa. Ule mchele wa magunia mawili ulikuwa wa Mama Atupele, hakuna aliyebisha. Mchana ule ule alichota kiasi, akaenda kwa mama ntilie wa pale getini, akaazima sufuria na kuupika yeye mwenyewe. Harufu ilifika ofisini kabla yake. Akatuita wote, Elia, Ngailo, Bwana Daudi, mimi, Injinia. Tukanawa, tukakaa kwenye benchi, akatupakulia.

"Ndaga, mama," Ngailo akamshukuru kwa lugha ya kwao.

Injinia alionja, akainua uso. Nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alisema kitu alichokijua mwenyewe.

"Mama, huu wali ni mtamu sana."

"Kula, mwanangu," Mama Atupele akamwambia, akimwongezea upawa. "Maliza. Huo hauoti tena."

Tulikula mpaka chini ya sahani, kwa sababu kubakiza kungekuwa kumtukana. Hakuna aliyeomba kuongezwa.